Dayorama yangu ya kwanza ya Lukaya 1979: maoni ya watu watatu na yote niliyobomoa

Naandika hiki kisa mwanzo mwisho maana nilipokuwa naanza sikupata mtu wa kunielekeza kwa Kiswahili, nilichopata ni watu kuniambia "safi sana kaka", na hiyo safi sana ndo iliyonipotezea miezi mitatu. Dayorama, kwa asiyejua, ni kipande kidogo cha mahali unachokijenga juu ya ubao, kuna ardhi, barabara, majani, watu, chombo cha vita kama ni ya kijeshi, na vyote viko kwenye kipimo kimoja ili mtu akiinama aone tukio. Mi nilichukua skeli ya 1/35, ndo inayotumiwa na wengi kwenye vifaru, yaani sentimita 35 za kweli zinakuwa sentimita 1 mezani. Mtu wa mita 1.70 anatoka na urefu wa sentimita 4.9 hivi. Hesabu hii iweke kichwani, itarudi sana huko mbele.

Tukio nililochagua ni Lukaya, Uganda, asubuhi ya tarehe 11 Machi 1979. Majeshi ya Amini yaliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, jeshi letu la Tanzania likayarudisha, Januari 1979 likavuka mpaka pale Mutukula na Februari likachukua Masaka. Lukaya ni mji mdogo mbele ya Masaka ukielekea Kampala, na pale barabara inapita juu ya kinamasi, ukikosa ile barabara kifaru chako huna pa kukipitishia. Tarehe 10 Machi Brigedi yetu ya 201, yenye askari wengi wasiokuwa na uzoefu na vifaru vitatu tu, ilipigwa maroketi ya Katyusha ya Walibya waliokuja kumsaidia Amini, mengi yalipita juu ya vichwa vyao ila ule mlio peke yake ulitosha kuwatawanya. Ikabidi Brigedi ya 208 izunguke kwa mbali itokee nyuma ya adui, na asubuhi yake Walibya na wenzao wakabanwa pande mbili. Hiyo asubuhi ndo nilitaka kuijenga: kifaru kimoja chetu kwenye barabara ya vumbi na askari wa miguu pembeni.

Kwa nini Lukaya na sio vita vya Wajerumani na Warusi ambavyo seti zake, yaani vipande vya plastiki vya kuunganisha, zimejaa kila duka? Kwa sababu babu mdogo, yaani mdogo wake babu mzaa baba, alikuwa kwenye vita ya Kagera, na mi nimekua namsikia akitaja Mutukula na Masaka kama mwingine anavyotaja mitaa ya kwao. Yuko Muleba, sio mbali sana na Kaboya walipozikwa wenzake.

Kifaru chenyewe ni Type 59, cha China, nakala ya T-54A ya Wasovieti, mzinga wa milimita 100, uzito kama tani 36. Seti ya plastiki nikaagiza nje. Kwenye skeli hii kinatoka na urefu wa sentimita 26 hivi kupima mpaka mdomo wa mzinga, upana sentimita 9 na kidogo. Seti ya askari nikanunua tofauti, ilikuwa ni Wasovieti wa Vita Kuu ya Pili, nikawaza nitawapaka rangi tu, kombati ni kombati.

Nikajenga. Ubao sentimita 60 kwa 45, nyama ya ndani ni yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na TV, juu nikamwaga jipsam, ilipokauka nikaipaka rangi ya kahawia, nikamwaga mchanga wa ziwani, nikabandika kifaru katikati kabisa kikiwa sambamba na ukingo wa ubao. Askari saba wote nikawapanga wanapiga risasi. Pembeni ya barabara nikamlaza askari mmoja wa Amini na rangi nyekundu kifuani. Kwenye kichwa cha kifaru, kile kinachozunguka, kuna kofia ndogo ya feni mbele ya mlango wa anayepakia mzinga, T-55, ile iliyoifuata T-54, haina na Type 59 inayo, basi hiyo kofia tu nilikaa nayo wiki mbili naipiga msasa iwe duara kamili. Nikaona nimemaliza.

Nikapiga picha usiku chini ya taa ya njano, nikawatumia washkaji na swali langu lilikuwa "mnaionaje?" Safi sana. Moto. Hongera mzee. Wote walikuwa na nia njema na wala siwalaumu, swali lenyewe ndo lilikuwa halina kichwa, mtu ukimuuliza hivo anakupa salamu tu.

Nilivyojua kuna tatizo ni pale mpwa wangu wa miaka tisa alipopiga magoti usawa wa meza akaniuliza, "Anko, mbona kinapaa?" Nikainama na mimi. Kati ya mnyororo unaozunguka magurudumu na ardhi palikuwa na nafasi inayopitisha kadi ya simu, na magurudumu mawili ya kati yalikuwa hewani kabisa. Tani 36 zimesimama juu ya barabara ya udongo kama sahani juu ya meza. Miezi mitatu sikuwahi kuiangalia kutoka pale chini, siku zote naiangalia kwa juu kama ndege.

Hapo nikabadilisha namna ya kuomba maoni. Picha upya, saa tatu asubuhi kwenye mwanga wa dirishani, nyuma shuka jeupe, simu nimeishusha mpaka usawa wa macho ya wale askari wadogo, picha kumi na moja za kila upande. Na sikuuliza tena mnaionaje, niliuliza kitu kimoja: unaona nini kinatokea hapa? Halafu nikanyamaza, nikajizuia kabisa kueleza. Kunyamaza ndo palikuwa pagumu kuliko kazi yote.

Wa kwanza ni kaka mmoja Mtanzania anayeishi Ujerumani, huko amejenga vifaru miaka mingi. Alinijibu kwa sauti, dakika kumi na nne, na alianza na kitu ambacho sikukitegemea. "Mdogo wangu, kifaru umekijenga vizuri, gundi haijamwagika, mshono wa mzinga umeupiga msasa, sasa tukiache, tuongelee mengine." Kisha akaja kwenye mnyororo. Type 59 kama T-54 ina magurudumu matano makubwa kila upande na nafasi kati ya la kwanza na la pili, na haina vile vigurudumu vidogo vya juu vya kubeba mnyororo, kwa hiyo kwenye kifaru cha kweli mnyororo wa juu unalala kwenye migongo ya magurudumu, umelegea, una mabonde. Wangu ulikuwa umenyooka kama uzi wa kuanikia nguo. Seti ilikuja na mnyororo wa mpira, na mpira ukivutwa unanyooka, akanielekeza niukandamize juu ya kila gurudumu na tone la gundi kali, nishikilie na kijiti mpaka ishike.

Akaja kwenye mchanga, na hapa nilishika kichwa. Akaniambia nichukue punje moja ya ule mchanga nipime. Nikapima, milimita 3. Zidisha mara 35, hilo ni jiwe la sentimita 10 na nusu. Maana yake barabara yangu yote nilikuwa nimeimwagia mawe ya ukubwa wa ngumi na askari wanakimbia juu yake kama hakuna kitu. Zilikuwepo punje za milimita 5, hayo ni mawe ya sentimita 17 na nusu, tairi la gari likipanda linaruka. Mchanga wa ziwani ukiushika unaona ni mchanga, ila kwenye skeli yako hakuna mchanga, kuna namba tu.

La tatu lake lilikuwa ubao. Kifaru cha sentimita 26 kwenye ubao wa 60 kwa 45, kikiwa katikati, kiko sambamba na ukingo, macho ya mtu hayana pa kwenda, akasema kata, na ukishakata kigeuze kidogo kipite mshazari ili barabara iingie kona moja itokee nyingine. Na kijani nilichopuliza kutoka kopo la duka la vifaa vya ujenzi akasema ni kizito, kitu kidogo ukikipaka rangi ileile ya kitu kikubwa kinaonekana cheusi zaidi, ichanganye na krimu kidogo. Kofia ya feni hakuitaja. Nilimuuliza mwishoni, akasema aah kweli ipo, vizuri.

Wa pili ni fundi wa kuchora mabango hapa mtaani kwetu Mwanza, anachora saluni, bucha, mpaka ukuta wa shule ya chekechea. Hajawahi kushika seti ya plastiki maishani. Nilimpelekea kazi yenyewe, akaisogeza puani, akakaa kimya halafu akasema, "Kaka, hawa watu wanaumwa." Na ni kweli, walikuwa wamepauka kama waliopakwa majivu. Maelekezo yote niliyokuwa nafuata ya kupaka sura yalikuwa ya ngozi ya Mzungu, paka rangi ya msingi kisha sehemu zinazopata mwanga ongeza nyeupe, basi mi nilipaka kahawia halafu nikaongeza nyeupe kwenye mashavu na pua. Ngozi yetu ukiiongezea nyeupe inakufa.

Alinionyesha palepale kwenye kipande cha kadibodi. Msingi ni kahawia yenye wekundu, kama tofali lililoiva likalowa maji. Kivuli, yaani chini ya kidevu, kwenye tundu za macho, nyuma ya sikio, ni huo huo msingi umeongezewa bluu iliyokolea, sio nyeusi, nyeusi inatoboa shimo. Sehemu za mwanga, paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, ongeza rangi ya machungwa na manjano ya udongo, kidogo kidogo, brashi iwe karibu kavu. Viganja vya mikono vyepesi kuliko mgongo wa mkono, hilo mi nilikuwa nimelisahau kabisa na viganja ninavyo. Halafu mwisho, askari wako ametembea, ana jasho, weka nukta moja ya vanishi inayong'aa pembeni ya paji la uso. Uso mmoja wa milimita 6 alikaa nao dakika ishirini na alipoushusha mezani alikuwa mtu, nakwambia alikuwa mtu kabisa, una hisi anataka maji.

Na akaongeza wasiwe wote rangi moja. Angalia daladala ikishusha abiria, akasema, kuna watu wangapi wanafanana ngozi? Nikawachanganyia msingi tofauti kila mmoja.

Wa tatu ni babu. Niliifunga kwenye boksi la TV na nguo pembeni, nikapanda basi mpaka Muleba. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, tukala kwanza, ndizi na maharage, hakuna aliyeitaja. Baadaye akasema leta hicho ulichokuja nacho. Nikaiweka juu ya stuli karibu na dirisha maana jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, akawa anaangalia na la kulia tu, kichwa amekilaza. Nikauliza swali langu, babu unaona nini kinatokea, nikanyamaza.

Cha kwanza akaweka kidole kwenye kichwa cha kifaru. "Hii nyota ya nani?" Zilikuwa stika zilizokuja na boksi, nyota nyekundu ya jeshi la China. Nilizibandika kwa sababu zilikuwepo. Kifaru cha Tanzania kinaingia Lukaya kikiwa na nyota ya China na mi nimekaa na hiyo kitu miezi mitatu sijaiona.

Cha pili, "Wanampiga nani?" Askari saba wote wanafyatua, kila mmoja na upande wake, na hakuna anayewapiga. Akasema vita yao ilikuwa ni kutembea, walitembea mpaka soli zikaisha, na kitu anachokikumbuka mwilini sio risasi, ni mzigo. "Hapa hakuna hata mmoja aliyebeba kitu. Wanakula wapi hawa? Wanalala na nini?" Akashuka kwenye mabuti, masafi, meusi, yanang'aa, kwenye barabara ya udongo mwekundu. Na wamebanana, akasema, ukitembea karibu karibu hivi kombora moja linawamaliza wote. Bunduki nazo, akatikisa kichwa, hizi hatukuwa nazo, sisi tulishika SMG, yaani zile za aina ya AK. Kweli, seti yangu ilikuja na bunduki za 1943.

Halafu akafika kwa yule aliyelala pembeni. Hapo hakusema kitu kwa mda mrefu, shangazi alipita na ndoo akarudi bado kimya. Akaweka kidole gumba juu ya yule mtu akamfunika wote. "Huyu bwana ana kwao," akasema. "Mtoe."

Sikumjibu. Nilimtoa palepale na kisu kidogo, gundi iling'oka na kipande cha jipsam, pakabaki shimo jeupe. Sisemi kila dayorama isiwe na maiti, wapo wanaofanya kwa heshima na wana sababu zao. Yangu haikuwa na sababu, nilimweka ili panoge. Na yule niliyekuwa nimemwomba maoni aliwaona watu kama hao kwa macho yake.

Niliporudi Mwanza nilibomoa. Ubao nikakata mpaka sentimita 40 kwa 28. Jipsam mpya nikaichanganya na udongo mwekundu kabla ya kumwaga, ili hata ikibanduka ndani isitoe jeupe. Udongo wenyewe nilichota kwa babu, nikaukaanga kwenye kikaango kikuukuu ili wadudu na mizizi vife, nikauchuja mara mbili, mara ya kwanza kwenye chekecheo la chai na mara ya pili kwenye soksi ndefu ya mke wangu, ile laini. Kilichopita hapo ni kama unga, na hilo ndo vumbi la kwenye 1/35. Unashika kwa gundi nyeupe ya maseremala, nusu gundi nusu maji, na tone la sabuni ya vyombo, bila sabuni matone yanakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba na yanasukuma vumbi lako pembeni. Angalizo, udongo wa kweli ukinywa gundi unakolea, jaribu pembeni kwanza, wa kwangu ulitoka kama damu ya ng'ombe ikabidi nirudishie vumbi kavu kwa brashi juu.

Ile ya kupaa niliitibu hivi: jipsam ikiwa bado laini nikafunika na nailoni nyembamba ya kufungia chakula, nikaweka kifaru juu, nikakandamiza kwa mikono miwili kwenye pembe za mwili wa kifaru, sio kwenye kichwa wala mzinga, nikahesabu mpaka thelathini, nikanyanyua. Zikabaki njia mbili za mnyororo, kila moja upana wa milimita 16 na nusu hivi maana mnyororo wa kweli una milimita 580, na kila kipande cha mnyororo kimeacha alama yake. Nikapitisha njia hizo mpaka ukingo wa ubao kwa nyuma kwa kutumia kipande cha mnyororo kilichobaki. Ilipokauka nikakirudisha kifaru kwenye mashimo yake kikaingia, sijui niseme kwa sauti gani, kikakaa. Niliita mpwa wangu aje apige magoti tena, akasema sasa ni kizito.

Nyota nilizisugua kwa msasa laini wa maji nikapuliza kijani upya, chenye krimu. Namba wala alama yoyote sikuweka, badala yake vumbi limepanda mpaka juu ya magurudumu na nyuma kabisa, na hapo juu ya injini nimefunga turubai lililokunjwa, ni karatasi ya tishu iliyolowa gundi nyeupe.

Askari walibaki watano. Wawili niliwakata mikono kwenye bega na kwapa nikaigeuza ishuke chini, wanatembea tu, SMG ziko begani, hizo niliziagiza peke yake. Mmoja ana boksi la risasi, mmoja amebeba blanketi na sufuria mgongoni, sufuria ni kifuniko cha bomba la dawa ya macho kilichokatwa. Wa mwisho amesimama amegeuka nyuma, anawasubiri wenzake. Kati ya mtu na mtu nimeacha sentimita 11 na zaidi, kama mita 4, ubao hauruhusu zaidi ya hapo na wawili ikabidi watoke. Mabuti ya wote ni mekundu mpaka kwenye goti. Nilipopiga picha za hatua hii nilimtumia kila mmoja wa wale watatu swali lake tofauti, kaka wa Ujerumani kuhusu mnyororo na mshazari wa barabara, fundi kuhusu sura, babu kuhusu mizigo. Shangazi ndo alimshikia babu simu. Alisema yule wa sufuria amebeba chini mno, mgongo utamuuma, nikapandisha kamba.

Kazi iliyobaki ni kinamasi upande wa kulia, na sasa hivi ninapoandika ndo niko hapo. Mafunjo ya mita 4 yanatoka sentimita 11 na nusu hivi kwenye skeli. Mashina natumia njiti za ufagio wa chelewa, zile nyembamba za mwisho kabisa, nazikata, napaka kijani kibichi chini na cha njano juu, na vile vichwa vyake kama ufagio nafanya kwa nyuzi za katani, nachambua nyuzi ishirini hivi, nafunga katikati kwa uzi, nakunja, natia gundi, natandaza kwa ncha ya sindano. Shina moja linachukua dakika sita ukizoea. Nimefika la 64, ili kona ile ifunikwe sawasawa naona yatahitajika kama 150, na maji yenyewe ya chini bado sijamwaga, nitamwaga vanishi tabaka kwa tabaka kila moja ikauke siku mbili. Babu anakuja Mwanza mwezi wa pili kutolewa mtoto wa jicho, anafikia kwetu, na meza nimeshaihamishia chumba atakacholala.